Je, Wajua? Herufi Mbili Zilizoanza kwa Utani wa Gazetini

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 23 Machi 1839, wasomaji wa Boston Morning Post nchini Marekani walikuta kwenye ukurasa wa pili kijembe kifupi cha mhariri wao, Charles Gordon Greene, akimrushia mwenzake wa gazeti la mji wa Providence. Kisa chenyewe kilikuwa safari ya Chama cha Kupinga Upigaji wa Kengele, kikundi cha watani waliokuwa wakiifanyia dhihaka sheria ya jiji iliyohusu kengele za chakula. Greene alidai kwamba jamaa hao wakipitia Providence, huyo mhariri mwenzake atawaandalia mambo yote yawe "o.k." na vizibo vya chupa viruke. Kwa kuwa alijua kuna msomaji atakayekwama, akaeleza papo hapo kwamba maana yake ni kila kitu sahihi.

Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuonyesha maandishi ya OK yenye maana hiyo ambayo wataalamu wameyakubali. Neno ambalo leo linasikika Tokyo, Kinshasa na Manzese liliingia duniani kama mzaha wa wahariri wawili, katikati ya habari isiyo na kichwa wala miguu.

Je, wajua kwamba OK ni kosa la tahajia lililofanywa kwa makusudi?

Vijana wa Boston wa miaka ya 1838 na 1839 walikuwa wameshikwa na homa ya vifupisho. Kufupisha tu hakukutosha. Utamu ulikuwa kuliandika neno vibaya kwanza, kisha kufupisha hilo kosa. Maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "yote sahihi", all correct, yakaandikwa "oll korrect", ndipo zikatoka O na K, herufi ambazo kwenye maneno halisi haziko mahali hapo. Aliyepitia meseji za vijana wetu wakati ule "sasa" ilipoandikwa "xaxa" na "sawa" ikawa "xawa" ataielewa Boston ya 1839 bila mwalimu.

OK ilikuwa na ndugu wengi. Walikuwako O.W., kutoka "oll wright", wenye maana ileile ya mambo kuwa mazuri. Walikuwako K.G. na K.Y., vyote vya kusema kwamba jambo fulani halina maana au halitafika popote, na vyote vimeandikwa kwa K kwa sababu maneno yenyewe yalikosewa makusudi mwanzoni. Ndugu hao wamekufa wote. Mwaka mmoja baadaye ungetarajia OK nayo iwe imezikwa pamoja nao, na pengine ingezikwa kweli, isingekuwa uchaguzi.

Je, wajua kwamba rais aliyeshindwa ndiye aliyeliokoa?

Martin Van Buren, rais wa nane wa Marekani, alizaliwa katika kijiji cha Kinderhook, jimbo la New York, kwenye familia iliyozungumza Kidachi nyumbani. Hadi leo ni rais pekee wa nchi hiyo ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Alipogombea muhula wa pili mwaka 1840, wafuasi wake wa jiji la New York walimwita Old Kinderhook, yaani mzee wa Kinderhook, wakaona herufi za mwanzo za jina hilo zinaangukia pazuri. Wakaanzisha O.K. Club. Kumpigia kura OK ikawa ni kusema kwamba mzee yuko sawa, na mambo yako sawa.

Wapinzani wao wa chama cha Whig hawakukaa kimya. Walieneza uzushi kwamba asili ya OK ni Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren na rafiki yake wa kisiasa, ambaye eti hakujua kuandika, hivyo kila hati aliyoikubali aliitia herufi hizo akidhani ndivyo maneno hayo yanavyoandikwa. Wengine waliigeuza OK ikawa kifupi cha kuishiwa pesa, kuishiwa mkopo, hadi kuishiwa nguo. Mzaha huo ulichoma, kwani uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka mwaka 1837, Van Buren akiwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu.

Mgombea wa Whig, William Henry Harrison, alishinda kwa kura 234 za wajumbe dhidi ya 60. Akafa baada ya mwezi mmoja tu madarakani. Van Buren akarudi Kinderhook. Mshindi wa kudumu wa uchaguzi ule ni kile kifupisho, kwa sababu kwa miezi kadhaa pande zote mbili zilikuwa zimekipiga chapa kwenye mabango, magazeti na nyimbo, kila upande kwa maana yake.

Je, wajua kwamba karibu kila taifa linadai OK ni yake?

Hapa ndipo palipo patamu, maana neno likishakuwa maarufu halikosi wajomba. Mgiriki atakuambia limetoka kwenye "ola kala", maneno mawili yenye maana ya kila kitu kizuri. Mskoti ana "och aye" yake ya kuitikia. Mfaransa atakupeleka bandarini, "au quai", au kwenye mji wa Aux Cayes nchini Haiti, uliosifika kwa pombe ya miwa iliyokuwa nzuri kiasi cha jina la mji kuwa sifa. Wapo wanaomtaja karani wa reli aitwaye Obadiah Kelly aliyetia herufi za jina lake kwenye hati za mizigo. Wapo wanaotaja biskuti za Orrin Kendall walizokula askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Na kuna ile inayopendwa kuliko zote mitandaoni, kwamba katika vita hivyohivyo jeshi likirudi kambini bila kupoteza mtu lilibandika ubao wa sifuri na herufi K, yaani waliouawa: sifuri.

Mbili za mwisho hazihitaji mtaalamu kuzibomoa. Vita hivyo vilianza mwaka 1861, wakati OK ilikuwa na umri wa miaka 22 gazetini.

Mbili nyingine zinastahili heshima zaidi. Wachoktaw, wenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani kabla ya kufukuzwa kwenye ardhi yao, wana neno lisikikalo kama "okeh", la kuthibitisha kwamba jambo ndivyo lilivyo. Rais Woodrow Wilson, aliyekuwa profesa kabla ya kuwa mwanasiasa, aliiamini asili hiyo kiasi kwamba hati alizozikubali aliziandikia "okeh" kwa tahajia hiyo. Ya pili inatoka Afrika Magharibi. Katika Kiwolof cha Senegal, "waw" ni ndiyo, na ukiongeza "kay" unapata ndiyo yenye mkazo. Mtaalamu wa lugha David Dalby alipendekeza kwamba Waafrika waliouzwa utumwani ndio waliolibeba neno hilo kuvuka Atlantiki. Msomaji wa bara hili hawezi kuisoma nadharia hiyo bila moyo kuiegemea. Lakini sauti kufanana na sauti ni jambo la kila siku katika lugha, na anayetaka kushawishi lazima aonyeshe maandishi yanayolitoa neno shambani kwa watumwa, au kwa Wachoktaw, na kulifikisha kwenye meza ya mhariri wa Boston. Maandishi hayo hayajaonekana.

Aliyelitegua fumbo hili ni Allen Walker Read, profesa wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1941 alichapisha ushahidi kuhusu klabu ya Van Buren. Wengine wangeishia hapo na kupokea pongezi. Yeye aliendelea kupekua magazeti ya zamani, na katika mfululizo wa makala za mwaka 1963 na 1964 kwenye jarida la American Speech akafika hadi kwenye utani wa Greene wa 1839, pamoja na rundo la vile vifupisho vingine vya Boston vilivyothibitisha kwamba OK haikuwa peke yake. Hicho ndicho kilichowashinda wapinzani wake. Mtu anaweza kubishana na neno moja, lakini si rahisi kubishana na ukoo mzima.

Je, wajua jinsi OK ilivyotoka kwenye siasa ikaingia kazini?

Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe wake maarufu kwa waya wa telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore. Wapiga telegrafu walihitaji namna fupi ya kumjibu mwenzao wa mbali kwamba ujumbe umefika, nao wakaichukua OK. Reli zikafuata, halafu makarani wa maofisini. Utani ukasahaulika, kazi ikabaki.

Hata mabanda ya farasi yaliitwa hivyo. Katika mji wa Tombstone, Arizona, lilikuwako zizi la biashara la OK Corral, ambalo jina lake linaunganishwa na yale mapambano ya risasi ya tarehe 26 Oktoba 1881 kati ya ndugu wa Earp na kundi la wachunga ng'ombe. Filamu zimefanya watu waamini kwamba walipigana zizini. Walipigana kwenye kiwanja chembamba kando ya studio ya mpiga picha, na shughuli yote ilichukua kama nusu dakika.

Mwaka 1918 mfanyabiashara Otto K. E. Heinemann aliona herufi za kwanza za majina yake zinamuitia bahati, akaanzisha kampuni ya santuri ya Okeh. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo ilimrekodi Mamie Smith akiimba Crazy Blues, santuri iliyouzika mno na kuwafungulia waimbaji weusi wa Marekani milango ya studio zilizokuwa zimefungwa kwao. Kwa hesabu yangu hilo ndilo jema kubwa zaidi lililowahi kufanywa chini ya herufi hizo mbili.

Je, wajua kwamba OK haimaanishi "nimekubali"?

Allan Metcalf, aliyeliandikia neno hili kitabu kizima mwaka 2010, anasema nguvu yake ni kuthibitisha bila kupima. Ukimuuliza mtu kama chakula kilikuwa kitamu akakujibu "kilikuwa okei", mpishi asifurahi. Ukimuuliza mgonjwa hali, akasema yuko okei, hujaambiwa kama amepona. OK husema tu kwamba jambo limepita, ujumbe umefika, mashine haijazima. Katika Kiingereza neno hilo hilo ni kitenzi, nomino, kivumishi, kielezi na kiitikio, na sisi tumelipokea na tabia zake zote: bosi ametoa okei, mambo yako okei, okei tuanze, umenielewa, okei?

Fungua kundi lolote la familia kwenye simu uone. Mama mdogo anaandika: "Wapendwa, tukumbushane michango ya sendofu, mwisho Ijumaa." Chini yake inateremka mvua. "Ok." "Okey ma mdogo." "Oky." "Sawa." Dole gumba. "Okeee." Mweka hazina aliyezoea kazi hiyo hahesabu hata moja kati ya hizo. Anasubiri meseji ya muamala. Na mwenye ujasiri wa kumjibu mama mdogo kwa "K" tupu ajiandae kupigiwa simu jioni, kwa sababu huo ufupi una maana yake, tena si ya heshima.

Kwenye michango hasara ni ndogo. Kuna mahali ambapo tabia hiyo ya kuitikia bila kukubali ilikuwa na gharama nyingine kabisa.

Je, wajua kuhusu OK ya Tenerife?

Tarehe 27 Machi 1977 bomu lililipuka kwenye uwanja wa ndege wa Gran Canaria, katika visiwa vya Kanari vya Uhispania, na ndege zilizokuwa zikielekea huko zikageuziwa uwanja mdogo wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Miongoni mwazo zilikuwa Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani. Uwanja ulijaa ndege hadi zikalazimika kutumia njia ya kurukia kama barabara ya kupita. Kisha ukungu ukashuka. Mnarani hawakuweza kuziona ndege, ndege hazikuweza kuonana, na uwanja haukuwa na rada ya kuonyesha nani yuko wapi ardhini. Wote walitegemea redio.

Ndege ya KLM ilikuwa imegeuka mwisho wa njia, tayari kuondoka. Ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia ileile, ikitafuta pa kutokea. Rubani msaidizi wa KLM alirudia maelekezo ya safari aliyopewa, kisha akaongeza kwamba sasa wako kwenye kuruka. Maneno hayo yangeweza kumaanisha kwamba wako mahali pa kurukia, au kwamba wameshaanza kuondoka. Mwongoza ndege alidhani ni maana ya kwanza. Akajibu "OK". Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia asubiri, atamwita.

Sehemu hiyo ya pili haikusikika vizuri ndani ya KLM. Katika sekunde zilezile marubani wa Pan Am nao walibonyeza redio kusema kwamba bado wako njiani, na mawimbi mawili yalipokutana yakatoa mlio mkali uliofunika sauti zote mbili. Kilichowafikia Waholanzi bila mkwaruzo ni zile herufi mbili. Mhandisi wa ndege aliingiwa na shaka akauliza kama yule wa Pan Am ameshatoka njiani. Kapteni, ambaye tayari alikuwa ameanza kukimbiza ndege, akamjibu kwa uhakika kwamba ametoka.

Watu 583 walikufa. Wote waliokuwamo katika ndege ya KLM, na wengi wa Pan Am, ambayo 61 tu ndio waliookoka. Hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi hadi leo.

Kusema OK iliua watu itakuwa ni kuonea. Kulikuwa na ukungu, uchovu, haraka ya kapteni, uwanja uliozidiwa na redio zilizogongana. Lakini wachunguzi waliutazama pia usemi wenyewe, na mawasiliano ya angani yakabanwa. Neno la kuruka sasa linatamkwa tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, kwingineko husemwa kuondoka. Na maelekezo yanayohusu njia ya kurukia hayaitikiwi kwa okei. Rubani anatakiwa ayarudie kwa kinywa chake mwenyewe, neno la msingi kwa neno la msingi, ili mnara usikie alichosikia.

Je, wajua kwamba ile "A-OK" ya wanaanga haikusemwa na mwanaanga?

Alan Shepard alipokuwa Mmarekani wa kwanza kufika angani, tarehe 5 Mei 1961, msemaji wa NASA, John "Shorty" Powers, aliwaambia waandishi kwamba kila kitu ni "A-OK". Dunia ikadhani hayo ni maneno ya Shepard. Rekodi za safari hazimwonyeshi akiyasema. Ila tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipogusa Mwezi, okei ya Buzz Aldrin akithibitisha injini kuzimwa ilikuwa miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa kutamkwa huko, saa kadhaa kabla ya sentensi maarufu ya Neil Armstrong kuhusu hatua ndogo.

Je, wajua kwa nini kitufe cha kompyuta kimeandikwa OK?

Wahandisi wa Apple waliokuwa wakitengeneza kompyuta ya Lisa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianza na kitufe cha "Do It", yaani fanya. Wakawakalisha watu wa kawaida mbele ya mashine na kuwatazama. Mmoja alikuwa akikasirika bila sababu kuonekana, hadi alipouliza kwa nini kompyuta inamtukana. Kwenye skrini ile herufi kubwa ya I ilifanana na l ndogo, maneno mawili yakashikana, naye akasoma "dolt", mjinga. Kitufe kikawa OK, ambayo mwanzoni ilionekana ni lugha ya mtaani isiyofaa kwa mashine ya ofisini. Kwenye simu zilizowekwa Kiswahili nafasi hiyo imechukuliwa na "Sawa", pembeni yake "Ghairi", na sijasikia mtu akilalamika.

Mkono nao una OK yake, kidole gumba na cha shahada vikifanya duara. Wazamiaji wa Mnemba na Mafia wanaitumia chini ya maji kwa sababu dole gumba juu, huko, ni kusema twende juu. Ukiwa nchi kavu, angalia uko wapi. Brazili ni tusi zito, Japani ni pesa, Ufaransa inaweza kumwambia mtu thamani yake ni sifuri.

Na je, wajua kwamba Coca-Cola walijaribu kuiuza? Ilielezwa kwamba utafiti wao ulionyesha jina la Coke linashika nafasi ya pili kwa kutambulika duniani, na la kwanza ni OK. Hesabu ikawa rahisi: kwa nini wasimiliki yote mawili? Katikati ya miaka ya 1990 wakatoa kinywaji cha OK Soda katika baadhi ya miji ya Marekani, makopo ya kijivu yenye nyuso zilizochoka zilizochorwa na wasanii wa katuni Daniel Clowes na Charles Burns, na tangazo lisiloahidi raha wala nguvu, ila kwamba mambo yatakuwa okei. Vijana waliokusudiwa hawakuona kwa nini walipie hilo. Mwaka 1995 soda ilifutwa kabla ya kuenea nchi nzima, na makopo yake sasa yananunuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, mengi yakiwa matupu.